Siku za Kifua cha Odeta

Alhamisi, 9 Oktoba 1997

Daktari Ishrat amenipa kazi. Ni kazi ya kwanza kupewa tangu kinu cha pamba kitupunguze mwaka juzi, kwa hiyo nimeipokea kwa heshima zote, hata kalamu nimenunua mpya. Kila siku niandike kama Odeta amekohoa au hakukohoa, ilikuwa saa ngapi, na sisi nyumbani tulikuwa tunafanya nini.

"Usiniandikie mawazo yako, mzee," ameniambia. "Andika kilichotokea tu."

Binti mwenyewe ni wa rika la Winnie wangu. Ananiamkia shikamoo huku ananiamuru. Tarehe 17 Novemba nirudi na daftari tulisome pamoja.

Nimwandikie basi. Mimi ni Antoni, wa Mkolani, karani wa mizani kwa miaka ishirini na miwili. Wakulima watakwambia kwamba katika miaka hiyo yote sikuwahi kukosea kwa faida yao. Odeta ni kitinda mimba wetu, ana miaka saba. Alikuja miaka kumi na sita baada ya Winnie, wakati mimi na mama yake tulikuwa tumeshagawa nguo zote za watoto na kujiona wazee. Ana pumu. Daktari ndiye aliyeipa jina hilo leo. Sisi tulikuwa tunasema tu kifua.

Leo: amekohoa saa kumi na mbili jioni. Mama yake alikuwa anapika. Mimi sikuwa nafanya kitu, kama kawaida yangu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Shuleni hakukohoa. Jioni amekohoa, si sana.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimemsomea Mama Winnie niliyoandika. Amesema nimesahau jambo kubwa kuliko yote nyumbani kwetu, yaani jiko. Ni kweli. Basi liingie kwenye kumbukumbu.

Jiko la gesi lilikuja mwezi wa nane. Nililinunua mjini kwa Sadru, kwa kile kiinua mgongo kilichokuwa kimebaki. Zamani dukani kwa Sadru unaulizia kitu unakosa kitu. Siku hizi biashara imefunguliwa, vitu vya Dubai vimejaa mpaka mlangoni, unaulizia kitu unakosa hela. Nikajisemea, mwanamke huyu amenipikia miaka ishirini na mitano kwenye kibanda cha nyuma, macho mekundu, anapuliza kuni. Acha naye apike kama mke wa meneja, hata kama meneja hayupo.

Sadru alinifundisha kuwasha na kuzima. Akasema mama yake, Bachubai, akipika hufungua dirisha hata mvua ikiwa inanyesha, na mimi nifanye hivyo. Nikamtania kwamba mama yake anataka majirani wanuse bizari. Tulicheka wote.

Kibandani halikufaa. Wezi ni wengi, na ule upepo unaoshuka kwenye majabali unazima moto kila dakika. Kwa hiyo tumeliweka chumba cha kati, juu ya meza, karibu na kitanda cha Odeta. Dirisha nimeligongelea nailoni. Jiko lisipotumika, Mama Winnie analifunika kitambaa cha kufuma. Wageni wakija wanapitishwa kulitazama kwanza, ndipo wanaulizwa habari za nyumbani.

Halina moshi hata kidogo. Chumba ni safi kama cha padri.

Jumanne, 14 Oktoba

Mvua kubwa. Redioni wanaiita Elinino. Odeta amebanwa kifua saa moja jioni. Mama yake amemfukiza: majani ya mkaratusi na mchaichai katika sufuria, jiko limeshushwa sakafuni, linawaka kidogo ili maji yasipoe, mtoto kwenye kigoda na blanketi juu yake. Dirisha na mlango tumefunga mvuke usipotee. Akatoka amelowa jasho kama aliyetoka ziwani. Akalala.

Jumatano, 15 Oktoba

Mvua. Amekohoa. Amefukizwa.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mvua. Amekohoa. Amefukizwa mara mbili.

Jumapili, 19 Oktoba

Leo nimeona adui. Nilikuwa nimekaa barazani natazama mvua ikikatika, mara moshi mweusi ukavuka ua na kuingia kwetu kama mtu aliyealikwa. Ni wa Wilhelmina, jirani yetu, mjane. Anakaanga mapanki. Viwanda vya samaki vikishachukua minofu ya sangara kupeleka Ulaya, vichwa na mifupa vinauzwa kwetu, na Wilhelmina anavikaanga uani kwake kutwa nzima, anawalisha nusu ya Mkolani, na mimi nikiwemo. Ni watamu, siwezi kukana.

Nikamwita ukutani. Nikamweleza kwa upole habari za kifua cha mtoto. Akasema, "Shemeji, nimekaanga hapa miaka minne. Kifua cha mtoto kimeanza lini?" Nikasema mwaka huu, lakini sumu hukusanyika. Sijui hilo neno nililitoa wapi. Akanifungia vichwa viwili kwenye gazeti, akasema ni dawa ya maneno mengi.

Odeta alikula kichwa kizima. Kisha akakohoa. Nimeandika kilichotokea tu.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nimempeleka Odeta Bujora, kwa bibi yake Teodora, akapumzike. Mimi kwa mkwe wangu sina maneno mengi. Nakaa mbali, naangalia miguu yangu, na yeye anaangalia mbuzi. Tumeheshimiana hivyo robo karne. Anapika nje, kuni tatu na mafiga matatu, moshi unakwenda unakopenda. Odeta akaketi hapohapo pembeni mwake kama paka.

Jumapili, 2 Novemba

Nimekwenda kumwona. Bibi amesema mtoto hajakohoa hata siku moja, na kwamba anakula kama mchunga ng'ombe. Nilimkuta anakimbizana na wenzake mvuani, nikaanza kumkemea, nikashindwa. Alinipandia mgongoni mbele ya mkwe. Miguu yangu nikaiangalia kweli leo.

Jumapili, 9 Novemba

Amerudi kwa ajili ya shule.

Jumatatu, 10 Novemba

Mvua. Jioni amekohoa. Amefukizwa.

Jumanne, 11 Novemba

Amebanwa vibaya. Kucha zimekuwa na rangi ya zambarau. Vidonge vya daktari vikamsaidia baada ya saa nzima. Mama yake alimfukiza huku anaimba.

Mimi si msomi, lakini hesabu ya mizani naijua: ukiweka kitu sahani ikashuka, ukikitoa ikapanda, basi ni hicho. Bujora hakuna Wilhelmina, mtoto mzima. Mkolani kuna Wilhelmina, mtoto mgonjwa. Nimemwandikia mwenyekiti wa mtaa barua ya kurasa mbili.

Ijumaa, 14 Novemba

Amekohoa. Amefukizwa. Wilhelmina ameipata barua. Alipita mbele yangu bila kusema shemeji.

Jumatatu, 17 Novemba

Leo ilikuwa siku ya kwenda kwa daktari. Kikao cha mtaa nacho kimewekwa leo asubuhi, na bila mlalamikaji hakuna kikao. Nikaona daktari atakuwepo kesho na keshokutwa, lakini wazee wa mtaa kuwapata wote pamoja ni kazi. Nikaenda kwenye kikao.

Nilizungumza vizuri, watu wamenisifu. Nilifungua daftari hili nikawasomea siku za kikohozi na siku za Bujora. Wilhelmina alijibu kwa maneno machache. Alisema ana watoto wanne, na kwamba moshi wake haubagui, ungekuwa unaua ungeanza na wa kwake. Mwenyekiti akaamua asikaange tena karibu na nyumba za watu. Atahamia kule chini, njia ya ziwani, ambako hakuna nyumba wala wateja.

Alipotoka aliniambia, si kwa hasira, "Haya, shemeji. Mtoto apone." Nikasema amina.

Jumanne, 18 Novemba

Hakuna moshi wa mapanki. Gesi nayo imetuishia leo mchana, na Sadru anasema mitungi imekwama njiani kwa sababu ya mafuriko. Tumerudi kwenye mkaa, barazani. Mama Winnie ananung'unika. Odeta hakukohoa.

Jumatano, 19 Novemba

Hakukohoa.

Alhamisi, 20 Novemba

Hakukohoa. Ameruka kamba.

Jumapili, 23 Novemba

Siku ya sita bila kikohozi. Nimemwambia kila mtu kanisani. Nimejisikia mwanaume aliyeokoa nyumba yake. Mama Winnie alisema nipunguze kutamba kwa sababu Wilhelmina alikuwa kiti cha nyuma, na kikapu chake leo kilirudi na samaki kama kilivyokwenda. Nikapunguza.

Jumamosi, 29 Novemba

Gesi imefika. Mama Winnie amepika wali wa nazi kusherehekea. Jioni Odeta amekohoa.

Jumapili, 30 Novemba

Mvua. Amekohoa. Amefukizwa.

Jumatatu, 1 Desemba

Sasa sielewi. Wilhelmina hayupo. Nimemkagua mbuzi wetu wa uani, nimelianika godoro, nimetoa mapazia. Mama Winnie anasema ni baridi, chumba kipashwe moto. Jiko tunaliacha linawaka kidogo kuanzia adhuhuri hadi wakati wa kulala ili chumba kiwe na joto. Ni zuri kulitazama. Moto wake siku hizi si wa buluu tena, umekuwa wa njano kama mshumaa, na sufuria zinaanza kuwa nyeusi chini. Nimemtania Mama Winnie kwamba hata jiko la meneja linazeeka.

Alhamisi, 4 Desemba

Amekohoa. Amefukizwa asubuhi na jioni. Hakwenda shule. Daktari Ishrat amesafiri, atarudi tarehe 20. Muuguzi amenipa vidonge vilevile.

Jumamosi, 6 Desemba

Mvua. Amefukizwa.

Jumapili, 7 Desemba

Mvua. Amefukizwa.

Jumatatu, 8 Desemba

Mvua.

Jumanne, 9 Desemba

Odeta amefariki leo, saa kumi na nusu alasiri. Nilikuwa nimembeba kwenda hospitali. Tulikuwa tumefika Mkuyuni, karibu na soko. Watu waliniambia nisimame.

Jumatano, 17 Desemba

Mama Winnie amelala leo kwa mara ya kwanza, kwa hiyo ninaandika. Sijui ninamwandikia nani. Kazi niliyopewa imekwisha.

Tulimzika Alhamisi, Bujora, nyuma ya nyumba ya bibi yake. Mvua ilisimama saa mbili hivi, kaburi likachimbwa haraka haraka kabla halijajaa. Bibi Teodora alinishika mkono mbele ya watu wote. Katika miaka yote sikuwahi kuguswa na mkono ule. Ulikuwa mdogo.

Winnie hakuweza kuja. Yuko Geita na mimba ya miezi minane, barabara imekatika.

Wilhelmina alikuja Jumanne ileile, wa kwanza kabla ya ndugu. Alichukua nafasi yake uani kwangu kama mwenye nyumba, akawasha moto, akapikia waombolezaji siku tatu. Moshi ulijaa mpaka kwenye paa. Hakuna aliyekohoa.

Kila mtu amenipa pole na kusema ni kazi ya Mungu. Nimeitikia.

Jumatatu, 22 Desemba

Nimekwenda kwa Daktari Ishrat, mwezi mmoja na siku tano baada ya siku aliyoniambia. Sijui kwa nini nilikwenda. Nadhani nilitaka kukabidhi daftari, kama mtu anavyorudisha funguo za ofisi.

Alikuwa ameshasikia. Alisimama nilipoingia, akanipa pole, hakuniambia habari za kazi ya Mungu. Kisha akasoma. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama nilivyokuwa nikikagua vitabu vya mizani. Nilisikia aibu kwa mizaha yangu. Alipofika kwenye habari za jiko alirudi nyuma, akasoma tena.

Akaniuliza chumba kina ukubwa gani. Nikamwambia hatua nne kwa tatu. Akauliza dirisha. Nikamwambia nailoni. Akauliza mkifukiza jiko mnalizima au linaendelea kuwaka. Nikamwambia linaendelea, maji yasipoe.

Akaweka kidole kwenye Bujora. Akakihamisha kwenye zile siku za Novemba nilipotamba kanisani, akaniuliza, "Siku hizi mlikuwa mnapikia nini?"

Nikasema, "Mkaa. Gesi ilikuwa imeisha."

"Mkapikia wapi?"

"Barazani."

Aliningoja. Mimi nina akili nzito, lakini naijua mizani.

Baadaye alinieleza taratibu. Kwamba gesi inapowaka inatoa hewa mbaya isiyoonekana na isiyo na harufu, ndiyo maana watu wanadhani haipo. Kwamba chumba kikiwa kimefungwa hewa hiyo inabaki mle mle, na mapafu ya mtoto, tena mwenye pumu, ni ya kwanza kuumia. Kwamba moto wa njano na sufuria nyeusi maana yake jiko haliwaki sawasawa na sumu imezidi. Lizimwe, liitiwe fundi. Kwamba mvuke wenyewe haumponyi mtu wa pumu, unaweza hata kumbana zaidi, na sisi tulimfunika juu yake, uso karibu na moto. Jiko likae nje au kwenye chumba cha kupikia chenye madirisha mawili yaliyo wazi, asilale mtu hapo, mtoto asikae hapo.

Akasema hawezi kuniambia kwamba ni jiko peke yake, kwa sababu pumu alikuwa nayo, na mvua, na unyevu. Alisema hivyo kwa huruma. Mimi nilimuuliza swali moja: kama ningekuja tarehe 17.

Alifunga daftari. "Ningeliona, mzee," akasema.

Nimemshukuru. Angeweza kudanganya.

Jumanne, 23 Desemba

Sijamwambia Mama Winnie. Ni yeye aliyekuwa akichuma mkaratusi asubuhi, akiuosha, akimfunika mtoto kwa mikono yake, akiimba. Nimwambie nini?

Nimekifungua kile kichwa kinachounganisha mpira na mtungi nikakificha mfukoni mwa koti langu la zamani la kazini. Nimemwambia kimeharibika na Sadru hana kingine. Anapika kibandani sasa. Hajali, angepikia hata barabarani.

Alhamisi, 25 Desemba

Tulikwenda kanisani. Tukarudi.

Jumapili, 28 Desemba

Nimeshuka njia ya ziwani kwa Wilhelmina. Amekaa chini ya turubai, mafuta yanachemka, hakuna mteja hata mmoja ila nzi. Nikamwambia yote aliyosema daktari. Ni mtu wa kwanza kumwambia. Nilitaka anitukane, nilikuwa nimejiandaa njia nzima.

Aligeuza samaki wake. Akasema, "Moshi wangu ulikuwa unauona, shemeji. Ndilo kosa lake."

Nikamwomba arudi uani kwake, barua ya pili nitaiandika mimi mwenyewe kwa mwenyekiti. Akasema atafikiri, turubai amelifunga kwa shida. Kisha akaniuliza kama Evelina, yaani Mama Winnie, anajua. Nikasema bado. Akanitazama mpaka nikaanza kuyasoma maandishi ya kwenye turubai.

"Winnie si anakuja kujifungulia kwao?" akasema.

Sikuwa nimefikiria. Naapa sikuwa nimefikiria.

Alhamisi, 1 Januari 1998

Winnie amefika, barabara imepitika. Tumbo kubwa, miguu imevimba. Alilia kwenye kitanda cha Odeta. Mama yake alimtazama kama mtu anayeamka.

Jumamosi, 3 Januari

Winnie amejifungua mtoto wa kike hospitalini, wote wazima. Nimecheka kwa sauti kwenye korido, nikanyamaza. Nilidhani nimemkosea mtu.

Nitamwambia Mama Winnie kesho.

Jumapili, 4 Januari

Sikumwambia. Alikuwa anaimba anafua nepi. Nilishindwa kumkata wimbo. Kesho.

Jumatatu, 5 Januari

Wametoka hospitali leo. Niliwafikisha nyumbani, kisha nikaenda Mkuyuni kununua sabuni na mafuta ya mtoto. Kwetu mzazi anakaa siku arobaini, mama yake anamkanda kwa maji ya moto na kichanga hakipigwi na upepo. Nilijiambia nikirudi nitasema, kabla maji ya kwanza hayajachemka.

Niliporudi mlango wa chumba cha kati ulikuwa umefungwa, na chini yake limesokotwa gunia. Nikasukuma. Dirisha limefungwa na limewekewa shuka juu ya nailoni. Jiko linawaka, njano, pleti zote mbili, masufuria mawili ya maji. Winnie amelala kwenye kitanda cha Odeta, kichanga kifuani. Joto kama tanuri. Mama Winnie anakunja mikono ya gauni.

"Funga mlango, Baba Winnie, unaingiza upepo," akasema. Kisha kwa sauti ya chini, "Kichwa cha mtungi nimekikuta kwenye koti lako. Kizima kabisa. Ulikuwa na maana gani?"

Nilizima jiko. Nilimchukua mtoto nikamtoa barazani, Winnie akanifuata anayumba, analalamika, nikamkalisha kwenye kiti nikamfunika kwa koti. Nikarudi nikaing'oa nailoni, misumari na yote. Mama Winnie amesimama katikati ya chumba ananitazama kama mwendawazimu. Nadhani aliona uso wangu, kwa maana aliketi.

Nikamwambia. Nilianza na Sadru na dirisha la mama yake, nikaja Bujora, nikaja kwenye kikao na tarehe 17, nikaja kwa daktari. Kila nilipofika mahali ambapo ilikuwa ni mkono wake, nilisema tulifanya, na kila palipokuwa pangu nilisema nilifanya. Yeye hakudanganyika. Aliangalia mikono yake, kiganja na mgongo, kiganja na mgongo.

Ndipo nikasema lile ambalo sikuliandika humu, na ambalo hata daktari sikumwambia.

Tarehe 9 Desemba ilikuwa sikukuu. Mama Winnie alikuwa kwa akina mama wa kanisa. Odeta alibanwa baada ya chakula cha mchana, nikachemsha majani mimi mwenyewe, nikafunga mlango, nikamfunika. Nilitaka mama yake akirudi akute nimefanya vizuri. Mara mbili mtoto alisukuma blanketi, mara mbili nikalirudisha. Ya tatu hakulisukuma, alisema tu. Nami nikamwambia, "Vumilia kidogo mama, dawa inaingia." Akavumilia. Alikuwa msikivu, hakuna mwalimu aliyewahi kumlalamikia. Akatulia chini ya blanketi, nami nikakaa kitandani nikafurahi kwamba ametulia.

Nilipomaliza kusimulia mvua ilikuwa imeanza, inaingia dirishani, inalowesha meza na jiko. Hakuna aliyeinuka kufunga.

Mama Winnie akasema, "Alisema tu. Alisema nini?"

"Alisema, 'Baba, nataka nje.'"

Barazani kichanga kilianza kulia, Winnie akakibembeleza.

"Sema tena," akasema.

Nikasema tena.

Alhamisi, 15 Januari

Mtoto ana siku kumi na mbili. Mchana wanakaa barazani, usiku dirisha liko wazi na chandarua kimeshushwa. Maji yanachemshwa kibandani kwa kuni. Jiko liko uani, mvua inalinyeshea, limeanza kutu. Bibi Teodora ametuma watu kuuliza ni mila gani hii ya kuanika mzazi. Mama Winnie amewajibu mwenyewe, dakika tano nzima, kwa sauti ambayo mtaa mzima umesikia, kila kitu, na jina la Odeta akalitaja. Wanawake wawili wenye majiko kama letu wamekuja baadaye kuuliza vizuri. Amewaeleza tena.

Mimi hazungumzi nami. Ananipa chakula, ananipa maji ya kuoga. Mara moja tu kwa siku, akiwa anachochea kuni na mimi nimekuja na mzigo mwingine, ananiuliza bila kuinua kichwa mtoto alisemaje. Namwambia. Anaitikia "haya," anaendelea kuchochea.

Leo ameuliza na la pili: kama alipokuwa anasema hivyo alikuwa ananitazama.

Nimemwambia alikuwa chini ya blanketi. Sikumwona.